Maelezo juu ya Upangaji wa Nodi katika Kundi la Seva za Kutafutia

Seva ya kutafutia ni programu ya kompyuta ambayo kazi yake ni kupokea maandishi, kuyatengenezea faharasa, na kuyatoa upesi kila yanapoulizwa. Maktaba yenye vitabu, magazeti na hati za kale zilizoingizwa katika kompyuta haiwezi kumtumikia msomaji ipasavyo bila ya chombo cha namna hii, kwani kupitia kurasa zote, moja baada ya moja, kwa ajili ya neno moja ni kazi isiyokwisha. Maandishi yakiwa machache, mashine moja hutosha. Yakiwa mengi, au ikiwa haifai huduma isimame kwa sababu ya kuharibika mashine moja, basi mashine kadhaa huunganishwa zikafanya kazi kana kwamba ni moja. Muungano huo ndio uitwao kundi, na kila programu inayoendeshwa ndani ya muungano huo huitwa nodi.

Kusudi la maelezo haya ni kuonyesha jinsi nodi zinavyopangwa ili kundi liwe imara na liwe salama. Programu iliyochukuliwa kuwa mfano ni Elasticsearch, ambayo Shay Banon aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Programu hiyo imejengwa juu ya nyingine iitwayo Lucene, iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999. Imechaguliwa kwa sababu inatumika sana, na kwa sababu historia yake yaonyesha wazi jambo ambalo kila mpangaji yampasa kulijua: kundi si mashine zilizowekwa pamoja, bali ni mashine zilizokubaliana. Makubaliano hayo yataka majibu ya maswali matatu. Nani ni mwanachama? Nani mwenye kuamua? Na mwanachama atajulikana kwa ushahidi gani? Mpangaji asiyeyajibu maswali hayo mwenyewe huiachia bahati iyajibu, na majibu ya bahati yamekwisha kuwagharimu watu wengi mali yao ya maandishi.

1. Istilahi zinazohitajiwa

Faharasa kubwa haikai mahali pamoja. Hukatwa vipande, na kila kipande chaweza kuitwa kigae, kwa mfano wa kigae cha chungu kilichovunjika. Walakini mfano huu una mpaka wake. Kigae cha chungu hakiwezi kutiwa maji, lakini kigae cha faharasa ni faharasa kamili ya Lucene kwa kadiri yake, nacho chaweza kuulizwa peke yake na kujibu. Msomaji anapouliza neno, nodi iliyopokea swali hulipeleka kwa vigae vyote vya faharasa ile, hukusanya majibu, huyapanga kwa ubora, kisha humrudishia msomaji orodha moja.

Kila kigae cha asili chaweza kuwa na nakala moja au zaidi. Nakala haiwekwi kamwe katika nodi moja na asili yake, kwa kuwa ingekuwa haina maana: nodi ingekufa na vyote viwili. Kwa hiyo kundi lenye nodi moja tu haliwezi kuziweka nakala zake mahali popote, na hali yake huonyeshwa kwa rangi ya manjano, yaani maandishi yote yapo lakini hayana akiba. Kijani maana yake asili zote na nakala zote zipo mahali pake. Nyekundu maana yake kuna kigae cha asili kisichopatikana, na sehemu ya maandishi haisomeki.

Idadi ya vigae vya asili huamuliwa siku faharasa inapoundwa, wala haibadilishwi ovyo baadaye. Sababu yake ni ya hesabu. Kila andiko hupewa namba kutokana na utambulisho wake, na mahali pa kuliweka hupatikana kwa kugawanya namba hiyo na kutazama baki. Kigawanyo kikibadilika, baki hubadilika, na andiko halitaonekana pale lilipowekwa. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2019, asiyetaja idadi hupewa kigae kimoja cha asili na nakala moja. Kabla ya hapo alipewa vigae vitano. Idadi ya nakala, kwa upande wake, yaweza kuongezwa au kupunguzwa wakati wowote.

Katika nodi zote, moja huwa kiongozi. Isidhaniwe kwamba kiongozi ndiye ajibuye maswali yote au awekaye maandishi yote. Kazi yake ni kushika daftari la kundi: nodi gani zimo, faharasa gani zipo, na kila kigae kimekaa wapi. Daftari hilo likiwa moja, kundi ni moja. Yakiwa mawili, hapo ndipo msiba unapoanza.

2. Nani ni mwanachama

Kila nodi ina faili lake la mipango, liitwalo elasticsearch.yml. Maneno ya amri zilizomo hayana budi kuandikwa kama yalivyotungwa, kwa kuwa programu haifahamu mengine. Lakini majina anayoyatoa mpangaji mwenyewe yaweza kuwa ya lugha yoyote. Ichukuliwe maktaba yenye mashine tatu. Mistari ya kwanza katika faili la mashine ya kwanza yaweza kuwa hii:

cluster.name: hati-za-kale
node.name: nodi-1
network.host: 10.0.0.11
discovery.seed_hosts: ["10.0.0.11", "10.0.0.12", "10.0.0.13"]

Mstari wa kwanza ni jina la kundi, nalo lazima liwe lile lile katika mashine zote tatu. Wa pili ni jina la nodi, nalo lazima litofautiane. Wa tatu hutaja anwani ambayo nodi itasikiliza. Wa nne ni orodha ya anwani ambazo nodi mpya itabisha hodi inapoamka, ili ipate kuambiwa wenzake ni nani. Si lazima orodha hiyo iwe na nodi zote za kundi. Yatosha iwe na zile zinazoweza kuwa viongozi.

Mstari wa tatu wastahili kuangaliwa kwa makini. Ukiachwa bila kuandikwa, nodi husikiliza ndani ya mashine yake tu, na hakuna mtu wa nje awezaye kuifikia. Mara unapoandikwa anwani ya mtandao, programu huchukua kwamba kazi sasa ni ya kweli, si ya majaribio. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2016, makosa ya mipango ambayo hapo kwanza yalikuwa maonyo tu hugeuka kuwa sababu ya nodi kukataa kuamka. Mathalan, katika mashine za Linux, mfumo lazima uruhusu angalau sehemu 262144 za faili kuingizwa katika kumbukumbu. Pungufu ya hapo nodi haitafanya kazi. Wapangaji wengine huona ukali huu kuwa usumbufu. Lakini yafaa zaidi nodi ikatae kuamka mchana mbele ya msimamizi kuliko kuanguka usiku ikiwa na maandishi ya watu.

Kabla ya toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2015, mambo hayakuwa hivi. Nodi iliamka ikapiga mbiu katika mtandao mzima, na yoyote nyingine yenye jina lile lile la kundi ikaitikia. Kwa kuwa jina lililowekwa tangu kiwandani lilikuwa moja kwa watu wote, mashine za wafanyakazi wawili wasiojuana, wakiwa katika mtandao mmoja, ziliweza kuungana bila ya wenyewe kutaka, na maandishi ya mmoja yakahamia kwa mwingine. Fundisho lililopatikana ni kwamba jina si ushahidi. Yeyote aweza kujiita jina la ukoo. Kutajwa jina hakumfanyi mtu kuwa ndugu.

3. Nani mwenye kuamua

Hatari kubwa ya kundi lolote ni kukatika kwa mawasiliano. Nodi isiyosikia sauti ya mwenziwe haina njia ya kujua kama mwenziwe amekufa au waya umekatika tu. Ikiwa kila upande utadhani kwamba upande wa pili umekufa, kila upande utajichagulia kiongozi wake, na kila kiongozi atapokea maandishi mapya na kuyaandika katika daftari lake. Waya ukiungwa tena, madaftari hayo mawili hayawezi kupatanishwa, na upande mmoja hupoteza yote ulioyapokea.

Dawa ya hatari hii ni akidi, kama ile inayotumika bungeni: hakuna uamuzi unaopitishwa bila ya kuwapo zaidi ya nusu ya wenye kura. Nusu mbili zilizo kubwa kuliko nusu haziwezi kupatikana katika kundi moja, kwa hiyo viongozi wawili hawawezi kuchaguliwa kwa wakati mmoja. Hii ndiyo sababu nodi tatu ni kiasi kidogo kabisa kinachofaa. Kati ya tatu, akidi ni mbili, na kundi laendelea ikifa moja. Kati ya tano, akidi ni tatu, na kundi laendelea zikifa mbili. Nodi mbili, ijapokuwa zaonekana kuwa usalama mara mbili ya moja, hazina faida hiyo. Ikifa ile yenye kura, iliyobaki haiwezi kujichagua yenyewe. Palipo na uwezo wa kununua mashine mbili kubwa tu, ya tatu yaweza kuwa ndogo, ikapewa kazi ya kupiga kura peke yake bila ya kuchaguliwa na bila ya kuweka maandishi.

Zamani hesabu ya akidi ilifanywa na msimamizi mwenyewe, akaiandika katika faili la kila nodi. Aliyesahau aliachiwa namba iliyowekwa tangu mwanzo, nayo ilikuwa 1, maana yake kila nodi iliruhusiwa kujichagua. Aliyeikumbuka mara ya kwanza aliweza kuisahau alipoongeza nodi. Mwaka 2014, na tena mwaka 2015, Kyle Kingsbury alizijaribu nodi hizi kwa kuzikatia mawasiliano kwa makusudi katika majaribio yake yaitwayo Jepsen, akaonyesha kwamba maandishi ambayo kundi lilikwisha kukiri kuyapokea yaliweza kupotea. Jambo lililostahili kuangaliwa ni kwamba upotevu ulitokea hata pale hesabu ya akidi ilipoandikwa sawasawa, yaani kosa halikuwa la wasimamizi peke yao.

Katika toleo la 7.0 utaratibu wa kuchagua kiongozi uliandikwa upya, na kundi likapewa kazi ya kushika lenyewe orodha ya wenye kura. Msimamizi amebakiwa na jukumu moja tu: siku kundi linapozaliwa, na siku hiyo peke yake, huandika katika mstari wa cluster.initial_master_nodes majina ya nodi zitakazopiga kura ya kwanza. Majina hayo lazima yafanane kwa kila herufi na yale ya node.name. Kundi likisha kuzaliwa, mstari huo hufutwa katika mafaili yote. Ukiachwa, nodi iliyopoteza diski yake yaweza kuamka ikiwa haikumbuki chochote, ikausoma, ikadhani kwamba kundi halijazaliwa, ikajaribu kuanzisha jingine. Makundi mawili yaliyozaliwa mbalimbali hayaunganiki, hata yakiwa na jina moja, kwa sababu kila moja limekwisha kupewa utambulisho wake wa ndani.

4. Ushahidi wa uanachama

Nodi ina milango miwili. Mlango wa 9200 ni wa watumiaji: huko ndiko maswali yanakoingia na majibu yanakotokea. Mlango wa 9300 ni wa nodi zenyewe kuzungumza baina yao. Wasimamizi wengi huulinda wa kwanza na kuusahau wa pili, lakini aliyeupita mlango wa pili hahesabiwi kuwa mgeni anayeuliza. Huhesabiwa kuwa mwanachama, na vigae huweza kuhamishiwa kwake.

Ulinzi wa milango hii hutumia itifaki ya TLS, ambayo hufanya mambo mawili. Kwanza, husimba mazungumzo ili anayesikiliza njiani asiyafahamu. Pili, hudai hati ya utambulisho. Hati hiyo hutiwa sahihi na mamlaka ya kutoa hati, na nodi inayoulizwa huikagua sahihi kabla ya kusema neno jingine. Kwa mazungumzo ya nodi kwa nodi, mamlaka hiyo yapasa iwe ya kundi lenyewe, isiwe mojawapo ya mamlaka za umma zinazotoa hati kwa tovuti za dunia. Sababu ni dhahiri. Nodi humkubali yeyote mwenye hati ya mamlaka inayoaminiwa. Ikiwa mamlaka hutoa hati kwa kila aombaye, basi kila aombaye ameandikiwa uanachama. Ufunguo wa siri wa mamlaka ya kundi haufai kuachwa katika nodi yoyote baada ya hati kutolewa, kwa maana aliye nao aweza kujitengenezea wanachama atakao.

Kwa miaka mingi ulinzi huu haukuwamo katika programu iliyotolewa bure, nao ulilipiwa. Watu wengi waliweka nodi zao katika intaneti bila ya nywila. Mwezi Januari mwaka 2017 wahalifu walizipitia nodi za namna hiyo kwa maelfu, wakafuta faharasa, wakaacha ujumbe wa kudai fedha. Mwezi Julai mwaka 2020 shambulio jingine lilifuta maandishi ya maelfu ya hazina bila hata kudai kitu, likiacha neno la kuigiza mlio wa paka mahali palipokuwa na maandishi. Kati ya misiba hiyo miwili, mwezi Mei mwaka 2019, ulinzi wa msingi ulikuwa umetolewa bure katika matoleo ya 6.8 na 7.1, lakini ulihitaji kuwashwa na msimamizi. Katika toleo la 8.0 la mwaka 2022 mambo yalipinduliwa: ulinzi huwashwa tangu mwanzo, na atakaye kuuzima sharti auzime kwa mkono wake.

Tangu toleo hilo, nodi ya kwanza inapoamka hujitengenezea mamlaka, hati na nywila ya msimamizi mkuu. Nodi ya pili huingizwa kwa tokeni ya kuandikishia, ambayo msimamizi huiomba katika nodi ya kwanza, nayo hudumu dakika 30 tu. Aifunguaye nodi ya kwanza katika mashine yake na ya pili katika mashine nyingine akumbuke kwamba mlango wa 9300 huwa bado umefungwa kwa watu wa nje, mpaka aufungue yeye. Wengi husumbuka hapo wakidhani tokeni ni mbovu.

Nywila ya msimamizi mkuu haipaswi kutumiwa na programu zinazouliza maswali. Tovuti ya maktaba inayotafuta tu hupewa mtumiaji wake mwenye ruhusa ya kusoma faharasa zile zinazohusika, wala si zaidi. Hata nywila yake ikiibwa, mwizi atasoma yale ambayo wasomaji husoma, lakini hatafuta kitu.

5. Nodi na lugha

Kuna jambo moja ambalo huwahusu hasa wenye kuhifadhi maandishi ya Kiswahili. Elasticsearch ina vichanganuzi vilivyo tayari kwa lugha zaidi ya thelathini, lakini matoleo yake hayakuja na cha Kiswahili. Kichanganuzi cha kawaida hukata maneno penye nafasi na alama za uandishi, basi. Kwake kitabu na vitabu ni maneno mawili yasiyohusiana, na aliyetafuta mwalimu hataletewa walimu. Njia mojawapo ya kupunguza kasoro hii ni kutunga faili la maneno yanayolingana, ambamo umoja na wingi, au tahajia ya kale na ya sasa, huwekwa katika mstari mmoja.

Faili hilo likiwekwa kwa njia ya kawaida, hukaa katika saraka ya mipango ya nodi, na hapa ndipo lugha inapokutana na upangaji wa kundi. Kundi halilipeleki faili hilo kwa nodi nyingine. Msimamizi mwenyewe lazima aliweke katika kila nodi inayoweza kubeba kigae cha faharasa ile. Nodi isiyokuwa nalo itashindwa kukifungua kigae. Nodi yenye toleo la zamani ni mbaya zaidi, kwa kuwa haitalalamika: swali lile lile litaleta majibu tofauti kwa kadiri ya nakala iliyoulizwa, na mtafiti anayehesabu matumizi ya neno atapata hesabu mbili asijue ipi ni ya kweli.

6. Utaratibu wa kazi

Kutokana na yaliyoelezwa, utaratibu ufaao waweza kufupishwa. Hati hutengenezwa na ulinzi huwashwa kabla ya nodi kupewa anwani ya mtandao, si baada yake. Nodi zenye kura huwa tatu, na zikiwezekana kila moja huwa katika chumba au chanzo cha umeme chake. Kumbukumbu inayotengewa programu haizidi nusu ya kumbukumbu ya mashine, kwa sababu mfumo wa uendeshaji wahitaji nusu ya pili kwa ajili ya kushika mafaili ya faharasa. Wala haivuki kiasi cha gigabaiti 26 hadi 30, hata mashine ikiwa kubwa namna gani. Diski huangaliwa kabla haijajaa: ikifika asilimia 85 nodi huacha kupewa vigae vipya, na ikifika asilimia 95 faharasa zilizo na kigae humo hufungwa zisipokee maandishi. Nodi zinapotengenezwa au kupandishwa toleo, huzimwa moja moja, na ya pili haiguswi mpaka ya kwanza imerudi na rangi ya kundi imekuwa kijani.

La mwisho ni hili. Nakala za vigae si akiba dhidi ya ufutaji. Zimewekwa kwa ajili ya mashine inayokufa, si kwa ajili ya amri inayotolewa. Amri ya kufuta faharasa, iwe imetoka kwa mhalifu au kwa msimamizi aliyekosea jina, hutekelezwa kwa asili na nakala zote kwa utiifu ule ule. Kwa hiyo hapana budi kuwe na picha za akiba za faharasa zinazochukuliwa kwa ratiba na kuwekwa mahali ambapo kundi lenyewe haliwezi kupafuta, na urejeshaji wake ujaribiwe kabla ya siku ya haja. Waliopoteza maandishi yao mwaka 2017 hawakuweza kuokolewa na nakala. Walikosa mlango uliofungwa, na walikosa akiba iliyo nje ya mlango huo.